Robo ya Kidonge

Nyumba moja ya Ngamiani, mjini Tanga, ilifanya jambo ambalo majirani zake wengi hawakuwa wamelifikiria: ilimpeleka paka wake kufungwa uzazi. Shauri lilitoka kwa binti wa kidato cha pili, mjukuu wa mwenye nyumba. Paka mkubwa wa pale alizaa mara mbili ndani ya mwaka mmoja, uvunguni mwa kitanda cha bibi, na kila mara watoto wake waliishia ndani ya boksi lililoachwa usiku pembeni mwa soko. Boksi la mwisho alilibeba binti mwenyewe. Aliporudi alimwambia bibi yake kwamba hatabeba jingine, na bibi hakumbishia.

Hesabu ya binti ilikuwa sahihi. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, hubeba kwa siku 63 hadi 65 hivi, na huweza kupandwa tena wakati bado ananyonyesha. Katika uzao ule wa mwisho walikuwa wamebakiza majike wawili. Mmoja mweusi tii, wakamwita Mkaa. Mwingine mwenye mabaka meupe na ya rangi ya sukari iliyoungua, wakamwita Kashata. Fedha za mjomba wa binti pamoja na akiba ya bibi zilitosha paka mmoja kwa wakati ule, akatangulia Kashata kwa kuwa alikuwa mkubwa kidogo. Kwenye mizani ya daktari alikuwa na kilo moja na robo tatu. Uzito huo uushike, msomaji, maana tutauhitaji mbele.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri, na nalisema hilo mapema ili lawama isije ikaangukia mahali pasipostahili. Daktari wa mifugo aliyemhudumia, kama wenzake wengi nchini, sehemu kubwa ya siku yake huishia kwa ng'ombe, mbuzi na kuku. Mbwa na paka huwapokea alasiri. Alimpima Kashata, akampa nusukaputi, akamnyoa tumboni, akapasua sehemu fupi, akatoa ovari na mfuko wa uzazi, akashona tabaka la ndani na kisha ngozi. Alimdunga sindano ya kutuliza maumivu ambayo nguvu yake hudumu kwa siku moja hivi. Jioni Kashata alirudi nyumbani ndani ya kikapu cha ukindu, shingoni ana kola ya plastiki, na binti amepewa karatasi ya maelekezo.

Ile karatasi naitolea neno. Iliandikwa kwa vifupisho vya kitabibu, herufi mbili hapa, tarakimu kwa mkwaju pale, mwandiko wa kukimbia. Katika yote hayo binti alielewa tarehe ya kurudi kutolewa nyuzi, basi. Kwamba kola isivuliwe kwa siku 10 iliandikwa, lakini kwa namna ambayo mtu wa nje ya fani hawezi kuisoma. Na jambo moja halikuandikwa kabisa: kwamba paka asipewe dawa ya binadamu. Daktari alikuja kusema baadaye kuwa hakudhani kama kuna mtu angempa. Mimi nadhani kila daktari wa wanyama katika nchi hii, ambako vidonge vya maumivu huuzwa kila duka, angepaswa kudhani hivyo siku zote.

Usiku wa kwanza ulipita salama. Kashata alitembea kwa kuyumba, miguu ya nyuma ikimwacha. Kile kigozi cheupe cha ndani ya jicho kilikuwa kimejitokeza nusu ya mboni. Binti alishtuka, lakini hayo ni masalio ya nusukaputi na huondoka yenyewe. Alitandika mkeka chini ili paka asipande kitandani akaanguka, akazima feni, akamfunika kwa kanga. Asubuhi Kashata alikula kipande kidogo cha samaki, akakojoa, akalala tena. Mpaka hapo hakuna aliyekosea.

Tatizo lilianzia kwenye kola, siku ya pili. Aliyewahi kumwona paka mdogo akivaa kola anajua inavyotia simanzi. Anatembea kinyumenyume akidhani atatoka ndani yake, anagonga miguu ya viti, analala ukutani kama aliyesusa. Bibi ni mtu wa ibada. Tangu utotoni amesikia darasani kisa cha yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutie. Sasa ndani ya nyumba yake kuna paka amefungwa kitu shingoni na sahani yake ya chakula haifikii. "Mjukuu wangu," akasema, "mvue mnyama wa Mungu hicho kidude apumue." Binti akakivua. Walidhani wanatenda wema, na kwa nusu siku ilionekana hivyo, maana Kashata alikula, akajilamba usoni, akalala kifudifudi.

Usiku akalamba tumbo. Ulimi wa paka una vijimiba vidogo vilivyoelekea nyuma, vya aina ileile ya kitu kinachofanya kucha, na kazi yake ni kukwangua nyama kwenye mfupa. Mshono wa ngozi hauwezi kushindana nao. Kulipokucha nyuzi mbili za chini zilikuwa hazipo, ngozi imeachana kwa upana wa punje ya wali, na majimaji ya waridi yanachuruzika.

Hapa nataka tusimame. Jeraha lile lilikuwa dogo. Tabaka la ndani lilikuwa bado limeshika, matumbo yako salama, hapakuwa na usaha. Daktari alipoliona alisema angelisafisha na kulishona upya kwa muda mfupi, angeandika antibayotiki, angerudisha kola, na Kashata angekuwa mzima. Kufunguka kwa mshono wa juu ni kati ya matatizo ya kawaida baada ya upasuaji wa paka, na dawa yake inajulikana. Kilichohitajika asubuhi ile ni simu moja.

Simu haikupigwa. Bibi alichukua beseni, akatia maji na Dettol, ile anayotumia kwa madonda ya watoto wa nyumba miaka yote, akaosha jeraha mpaka manyoya ya tumbo yakalowa. Dawa za jamii hiyo zina kemikali za fenoli, na ini la paka ni dhaifu mno katika kuzivunja. Mtoto wa binadamu huoshwa goti, likaachwa likauke. Paka huoshwa tumbo, kisha hukaa chini na kuyalamba manyoya yake yote mpaka yawe makavu. Kinachopakwa mwilini mwake kinamezwa, na kanuni hiyo ni ya mafuta, ni ya unga wa viroboto, ni ya spiriti, ni ya unga wa kahawa ambao baadhi yetu huwa tunaumwaga juu ya kidonda. Juu ya hayo, dawa kali za kuulia vijidudu huunguza nyama mbichi inayojaribu kuungana. Na mtoto wa paka aliyeloa, ambaye damu yake imepungua kidogo na mwili umechoka, hupoteza joto upesi hata katika mji wenye joto la Tanga.

Adhuhuri Kashata aliingia uvunguni mwa kabati. Hakutaka samaki. Alikaa amejikunja, miguu yote minne chini ya kifua, macho nusu, hapigi kelele. Wote walikubaliana kwamba "ametulia". Paka mwenye maumivu ndivyo alivyo. Ni mwindaji mdogo ambaye naye huwindwa, na porini anayelia huliwa. Kwa hiyo huuficha uchungu kwa kutulia. Anayemuuguza paka akisubiri kusikia kilio atasubiri hadi mwisho. Dalili ni zile za kimya: kukataa chakula, kuacha kujisafisha, kujificha mahali pasipo pake, kukaa amejikunja badala ya kulala ubavu, kufinya macho anaposhikwa karibu na jeraha.

Mjomba alirudi kutoka kazini baada ya Isha. Ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya gharama ya upasuaji, na alimpenda yule paka kuliko alivyokubali kusema. Alimgusa pua, akaikuta kavu na ya moto, akasema ana homa. Pua ya paka haipimi homa. Hukauka akilala, hukauka akikaa juani. Joto la mwili wa paka mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39 na ushei, na hupimwa kwa kipimajoto njia ya haja kubwa. Lakini kwa mjomba shauri lilikuwa limekwisha. "Ana homa na ana maumivu," alisema. "Mtoto akiwa hivyo huwa tunampa nini?"

"Mjomba, si tumpigie daktari kwanza?" binti aliuliza.

"Usiku huu? Atasema tumlete, na kumleta ni hela. Robo tu, mwanangu. Robo haimdhuru mtu."

Kidonge cha Panadol cha miligramu 500 kilivunjwa mara mbili. Robo ikasagwa kwa mgongo wa kijiko, ikachanganywa na mchuzi wa kibua, ikavutwa kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, ikaingizwa kinywani mwa Kashata kwa pembeni. Alimeza. Alfajiri, kwa kuwa bado hajala, akapewa robo ya pili.

Sasa tuuchukue ule uzito. Robo ya kidonge ni miligramu 125. Kwa mwili wa kilo moja na robo tatu, hiyo ni zaidi ya miligramu 70 kwa kila kilo. Mtu mzima wa kilo 70 ili apate kiasi kama hicho angepaswa kumeza vidonge 10 kwa mpigo mmoja. Na mtu huyo angekuwa bado na kinga ambayo paka hana. Ini la binadamu huishika parasetamoli na kuifunga kwa namna inayoifanya itoke kwa mkojo bila madhara. Kimeng'enya kinachofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, paka hana: watafiti wa vinasaba wameona kwamba jeni lake limeharibika na halifanyi kazi tena, labda kwa kuwa jamii ya paka imeishi kwa nyama tupu kwa enzi nyingi na haikuwa na haja ya kuvunja sumu za mimea. Kwa hiyo dawa hubaki mwilini na kugeuka kitu kingine, kitu kinachoshambulia chembe nyekundu za damu na ini. Damu hushindwa kubeba hewa. Mnyama anavuta pumzi, mapafu yanajaa, lakini hewa haifiki inakotakiwa. Paka wameonekana kudhurika hata kwa miligramu 10 kwa kila kilo. Hakuna robo ya kidonge iliyo salama kwa paka, wala nusu ya robo, wala ile ya maji ya watoto yenye ladha ya matunda. Dawa nyingine za maumivu za binadamu, kama ibuprofeni, diklofenaki na aspirini, nazo zina hatari zake kwa figo na tumbo la paka. Daktari wa wanyama anazo dawa za maumivu zinazomfaa paka, kwa vipimo vidogo sana na kwa siku chache.

Kabla ya adhuhuri uso wa Kashata ulianza kuvimba. Macho yakawa finyu, nyayo zikajaa. Alipumua kwa haraka, mbavu zikipanda na kushuka, kisha kwa kinywa wazi. Binti alimfunua mdomo kama alivyomwona daktari akifanya: fizi ambazo jana zilikuwa za waridi sasa zilikuwa za rangi ya matope. Bibi akasema hii ni sumu, aletewe maziwa. Wengi wetu tumelelewa tukiamini maziwa hukata sumu. Hayaikati hii. Na kummiminia maziwa mnyama anayehangaikia pumzi ni kuyapeleka mapafuni. Sehemu iliingia, akapaliwa, akazidi kudhoofu. Ndipo bajaji ikaitwa.

Kwa daktari palitokea jambo linaloniuma kuliko mengine yote. Daktari alimtazama fizi akauliza, "Amepewa nini?"

"Hakuna, daktari," alisema mjomba. "Samaki tu."

"Hamjampa dawa yoyote?"

"Hapana."

Mjomba hakuwa mwongo kwa tabia. Aliona aibu. Amesimama mbele ya mtu mwenye koti jeupe, kuna watu wengine wawili na mbwa wao wanasikiliza, na moyoni ameshaanza kuhisi kwamba ile robo ndiyo iliyoleta haya. Daktari, akiamini alichoambiwa, akaanza kutafuta sababu nyingine: akadhani ni damu inayovuja ndani, akapapasa tumbo, akaanza kuandaa kumfungua upya. Muda ukaenda. Aliuliza mara ya tatu, akimgeukia binti. Binti akamtazama mjomba wake, akainamisha kichwa, akasema, "Panadol. Robo usiku, robo alfajiri."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Tunautumia usemi huu kwa watu, lakini pale ulimhusu kiumbe asiyeweza kujisemea. Ipo dawa ya kukabiliana na sumu ya parasetamoli, inaitwa asetilisisteini, na hospitali za watu huitunza kwa ajili ya waliomeza vidonge kupita kiasi. Husaidia zaidi inapotolewa mapema, pamoja na hewa ya oksijeni, maji ya mshipani na vitamini C. Daktari alipiga simu huku na huku, kijana wa bodaboda akatumwa. Dawa ilipatikana jua linazama. Kashata alipewa dozi ya kwanza, na alikufa usiku ule kabla ya dozi ya pili.

Nimesikia watu wakiambiwa kisa hiki wakamlaumu mjomba peke yake. Sikubaliani nao. Yule bwana alifanya kosa moja ambalo kila mmoja pale alikwisha kulifanya kwa namna yake: alishindwa kukaa bila kutenda. Bibi hakuvumilia kuona kola, akaivua. Hakuvumilia kuona jeraha, akaliosha. Mjomba hakuvumilia kuona maumivu, akayapa kidonge. Huruma yetu sisi iko mikononi, tunamjua anayependa kwa anavyohangaika. Lakini mtoto wa paka aliyetoka kupasuliwa anahitaji mlezi wa kuangalia, kuandika na kuuliza, na kwa saa nyingi hahitaji kitu kingine zaidi ya hicho. Kukaa ukimtazama ni kazi, tena ngumu kuliko kuosha na kunywesha.

Kuangalia huko kuna namna yake. Kabla hujaondoka kwa daktari, hakikisha umeelewa kila mstari wa karatasi, na usione haya kumwambia akusomee. Uliza dawa ya maumivu aliyodungwa itakwisha saa ngapi na ifuatiwe na nini, maana pengo hilo ndilo wengi hulijaza kwa kidonge cha nyumbani. Uliza namba ya kupiga usiku. Nyumbani, mpe chumba kidogo kisicho na kabati la kurukia, boksi la kadibodi lenye nguo kavu, na chombo cha haja chenye vipande vya magazeti badala ya mchanga, kwa sababu mchanga huingia kwenye mshono. Mbwa ampishe, watoto wampishe, ampishe na nduguye anayetaka kucheza. Chakula cha kwanza kiwe kidogo, robo ya kawaida yake, kisha kiongezwe. Maziwa ya ng'ombe huweza kumharisha paka, hayana haja.

Fizi zitazame asubuhi na jioni. Ziwe za waridi, na ukizibonyeza kwa kidole zikawa nyeupe, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Pumzi zihesabu akiwa amelala: mbavu kupanda na kushuka ni moja, na kwa paka aliyetulia mara 15 hadi 30 kwa dakika ni kawaida. Mshono utazame bila kuushika. Wekundu kidogo na uvimbe mwembamba siku za mwanzo si ajabu. Harufu, usaha, joto linalozidi, au ngozi kuachana, hayo ni ya kumwambia daktari siku hiyohiyo. Katika joto letu kuna adui mwingine anayesahaulika: inzi. Jeraha lenye unyevu lililoachwa wazi kibarazani hutagiwa mayai, na funza hutokea kwa muda mfupi sana. Paka wa upasuaji akae ndani, penye wavu au mlango uliofungwa.

Kola isivuliwe isipokuwa wakati wa kula, tena ukiwa umekaa naye mpaka amalize na kurudishiwa. Ikimshinda kabisa, kata mkono wa fulana ya pamba, toboa matundu manne ya miguu, mvalishe kiwiliwili kizima kama kanzu, na uibadilishe ikilowa. 

Yapo machache yasiyosubiri simu kujibiwa, unambeba unakwenda huku unapiga. Fizi nyeupe, za bluu au za kahawia. Kupumua kwa kinywa wazi. Damu inayodondoka badala ya kulowesha mshono kidogo. Tumbo linalojaa. Kutapika tena na tena, au kulegea asiinue kichwa. Saa 24 bila kukojoa. Mtoto wa paka kukataa chakula kwa nusu siku baada ya kuamka kabisa, maana mwili mdogo hauna akiba na sukari ya damu hushuka haraka. Na kama kuna kitu chekundu chenye kung'aa kinachungulia kwenye mshono, usikisukume ndani. Kifunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya chumvi, kijiko kidogo cha chumvi ndani ya nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, mviringishie taulo asijilambe, mkimbize.

Na ukifika, sema yote. Sema jina la dawa, kiasi, saa. Beba pakiti. Kama ulimwosha, sema ulimwosha kwa nini. Daktari mwema hatakutukana, na hata akikutukana, matusi yake hayamwui paka.

Miezi kadhaa ilipita kabla nyumba ile haijapata fedha tena, na kabla bibi hajapata moyo. Wakati huo Mkaa alikuwa ameanza kulia usiku na kujiviringisha sakafuni, na paka madume wa mtaa walikuwa wanapanga foleni ukutani. Safari hii bibi alikwenda mwenyewe. Alikaa kwenye kiti mbele ya daktari, mtandio kichwani, akamwambia, "Mwanangu, niandikie kwa Kiswahili. Na uandike na yale ambayo tusiyafanye." Daktari alichukua karatasi mpya. Mstari wa kwanza aliandika: Msimpe dawa yoyote ya binadamu, hata robo.

Binti alifungua daftari la shule kwa ajili ya Mkaa peke yake. Saa, alichokula, mkojo, rangi ya fizi, pumzi. Mkaa alivaa mkono wa fulana ya mjomba kuanzia usiku wa pili, baada ya kuivunja kola kwenye mguu wa meza. Siku ya nne, aliyegundua kasoro alikuwa mjomba: chini ya mshono pametuna uvimbe laini wa ukubwa wa kunazi. Alipiga simu akiwa bado amechuchumaa mbele ya paka.

Daktari aliuliza kama anakula. Anakula. Kama anakojoa. Mara tatu tangu asubuhi. Uvimbe ni wa moto? Hapana. Mwekundu? Hapana. Unatoa kitu? Mkavu. Fizi? Mjomba akamwomba binti amsomee kutoka kwenye daftari. Daktari akaomba picha, ikatumwa. Jibu lilikuwa kwamba ni maji ya mwilini yaliyojikusanya pale ngozi ilipoachanishwa na nyama, kwa sababu Mkaa amekuwa akirukaruka. Mwili utayanyonya wenyewe. Wasiukamue, wasiutoboe, wasiukande. Wampunguzie nafasi ya kuruka, na wapige tena kama utakua, utakuwa mwekundu au utaanza kutoa majimaji.

"Kwa hiyo nifanye nini, daktari?" mjomba aliuliza.

"Mwangalie tu, kaka."

Alimwangalia. Alilala kwenye mkeka chumba kilekile mpaka uvimbe ukawa umenywea. Siku ya 12 daktari alikata nyuzi moja moja kwa mkasi mdogo, akapitisha kidole juu ya mshono, akamdunga Mkaa chanjo ya kichaa cha mbwa na kuandika kwenye kadi tarehe ya kurudia. Mjomba aliomba ile karatasi ya maelekezo asiiache pale, akaitolee kopi: jirani wa barabara ya pili naye ana paka jike wa miezi mitano, na amekwisha kuweka miadi.